Nyimbo za matangazo ya Japani na akina dada waliozitunga wenyewe

MsafiriReliYaKati

Wakuu, heshima kwenu wote. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu wakati wa mapumziko ya kazi, mwenye chai yake na aiweke karibu.

Nimeishi Japani miaka saba, Tokyo upande wa magharibi, kwenye reli inayoitwa Chuo. Msiichanganye na chuo cha kusoma. Kwa Kijapani neno hilo maana yake ni katikati, kwa hiyo ile nayo ni Reli ya Kati yao. Mwaka wa kwanza nilifanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha bento, vile vyakula vya boksi vinavyouzwa madukani asubuhi. Kazi yangu ilikuwa moja: kuweka kipande cha yai kwenye kila boksi linalopita mbele yangu. Juu ya kabati la glavu palikuwa na redio ndogo. Kiongozi wa mstari wetu alikuwa mama mtu mzima, si mtu wa maneno mengi. Usiku mmoja, kama saa tisa hivi, redio ikapiga wimbo wenye mwendo wa msafara wa ngamia, na juu yake sauti ya mwanamke iliyonyooka, haitetemeki. Yule mama akaanza kuufuata chini chini nyuma ya barakoa. Ulipokwisha nikamuuliza unaitwaje. Akanijibu neno moja: "Sanyo."

Nikadhani sijasikia vizuri. Sanyo ninayoijua mimi ni TV na redio za sebuleni kwa wazee wetu. Kumbe ndiyo hiyo hiyo. Wimbo unaitwa "Ihojin", yaani mgeni, mtu wa taifa jingine. Ulitoka Oktoba 1979 ukiwa wimbo wa tangazo la TV ya rangi ya Sanyo. Aliyeandika maneno ndiye aliyetunga sauti, na ndiye aliyeimba: Saki Kubota, wakati huo binti wa miaka 21, mwenyeji wa Kunitachi, stesheni ambayo treni yangu ilikuwa inapita kila siku. Nyumbani kwa yule mama walinunua TV ile alipokuwa mdogo, na kwake wimbo na TV ni kitu kimoja mpaka leo.

Tangu usiku ule nimezifuatilia nyimbo hizi kama mtu anavyofuatilia ukoo wake. Kuna dhana kwamba wimbo wa tangazo ni kazi ya njaa, msanii anaifanya huku ameangalia pembeni. Kwa akina dada wa Japani waliokuwa wanatunga na kuimba wenyewe, mimi naona tangazo ndilo lililokuwa mlango wao.

Miaka ya 1970 vipindi vya muziki vya TV kule vilitawaliwa na aidoru. Msichana wa miaka 15 au 16 anachaguliwa, anavalishwa, anapewa wimbo ulioandikwa na watu wazima, wengi wao wanaume, anapangiwa hadi mkono aunyooshe wapi. Watunzi wapya waliokuja na piano zao na magita yao hawakuvipenda vipindi hivyo. Yumi Matsutoya na Miyuki Nakajima wamejenga majina makubwa kuliko wote bila kuvitegemea. Sasa kama huendi kwenye kipindi, sauti yako inafikaje sebuleni kwa mtu? Inafika kupitia tangazo. Tangazo halikudai sura yako. Sura ni ya mwanamitindo, bidhaa ni ya kampuni, lakini sauti na maneno ni yako, na yanapigwa mara nyingi kwa siku kwenye nyumba ambayo isingekununua kamwe.

Ila unapewa sekunde 15. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha tangazo la TV la Japani. Mtunzi anajua kwamba kipande kimoja tu ndicho kitakachosikika, basi anakiandaa kile kipande kama mpishi anavyoandaa tonge la kuonjesha. Kibwagizo wenyewe wanakiita "sabi". Ukisikiliza nyimbo nyingi za Kijapani zinazoanza na kibwagizo kabla ya ubeti, ujue sekunde 15 zimeingiza mkono wake hapo.

Nianze na Yumi Matsutoya, wakati huo bado anaitwa Yumi Arai, mtoto wa duka la kimono la Hachioji. Hachioji nayo iko kwenye reli ile ile. Mwaka 1974, akiwa na miaka 20, alitoa "Yasashisa ni Tsutsumareta nara", ukatumika kwenye tangazo la peremende za Soft Eclair za kampuni ya Fujiya. Peremende! Maneno yake ni ya mtu anayekumbuka utoto, wakati ambapo Mungu alikuwa karibu na kila kitu unachokiona machoni kilikuwa na ujumbe kwako. Miaka 15 baadaye, 1989, studio ya Ghibli ikauchukua kwa filamu ya binti mchawi anayepeleka vifurushi kwa ufagio, na leo watu duniani kote wanaamini uliandikwa kwa ajili ya ile filamu. Wimbo ulianza safari yake kwenye peremende.

Baada ya hapo ikaja vita ya vipodozi, na hapa ndipo utamu ulipo.

Kampuni mbili, Shiseido na Kanebo, zilikuwa zinashindana kila msimu. Majira ya kuchipua rangi ya mdomo, kiangazi mafuta ya jua, vuli rangi nyingine tena. Kila kampeni na wimbo wake, na nchi nzima inasubiri kusikia nani katoa nini. Mwanzoni mwa 1977 Shiseido waliuchukua "My Pure Lady" wa Ami Ozaki wa Kyoto, ambaye hakuwa amefika hata miaka 20. Wimbo mzima unahusu ile sekunde kabla ya kupenda, moyo umeshasogea lakini wewe hujakubali. Rangi ya mdomo haitajwi. Mwaka uliofuata kampeni ya majira hayo hayo ilikuwa na wimbo alioutunga yeye, ila aliyeuimba ni Saori Minami. Mwaka 1983 wakaja na "U, Fu, Fu, Fu" wa mwimbaji EPO. Jina hilo ni sauti ya kicheko cha mwanamke aliyefumba mdomo. Fikirini: unauza rangi ya mdomo, unapata wimbo ambao jina lake lenyewe linafanywa na midomo iliyofungwa.

Wimbo ninaoupenda kuliko yote katika vita ile ni wa upande wa Kanebo, 1981: "Harusaki Kobeni" wa Akiko Yano. Huyu dada alikulia Aomori, kaskazini kwenye theluji, anapiga piano kama anaongea nayo. Sauti katunga yeye, upangaji wa vyombo walifanya YMO, bendi ambayo alikuwa amezunguka nayo dunia. Maneno aliandika Shigesato Itoi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kaulimbiu za matangazo. Bidhaa ilikuwa rangi ya mdomo ndogo, ya kuweka kwenye kiganja. Sasa sikilizeni kibwagizo. Anaimba "mini mini", na msikilizaji anaelewa udogo, kama tunavyosema sketi ya mini. Halafu silabi hizo hizo zinaendelea kuwa "mi ni", ambayo kwa Kijapani ni "kuja kuangalia". Kidogo, kidogo, njoo uone. Neno limegeuka mdomoni bila kusimama. Mtu aliyekulia kwenye vitendawili na majina ya kanga anaelewa mara moja kazi iliyofanyika pale. Niliuelewa mchezo huo mwaka wa tatu wa kukaa kule, nikiwa nimeshika bomba kwenye treni, nikacheka peke yangu watu wakanitazama.

Nitaendelea. Karibuni.

Mzee wa Santuri

Kijana, uzi umesimama. Lakini nina swali la mtu mzima. Mimi nimepiga bendi miaka mingi, tumeimba matangazo ya sabuni na ya soda. Ukimaliza unalipwa bahasha, umekwisha, wimbo si wako tena. Hao wenzetu walikuwa wanapata nini? Maana sifa hazinunui unga.

MsafiriReliYaKati

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo linalotenganisha mwimbaji na mtunzi.

Japani ina chombo kinaitwa JASRAC, kipo tangu 1939, kinakusanya haki za mwandishi wa maneno na mtunzi wa sauti. Wimbo ukipigwa redioni, ukiimbwa kwenye karaoke, ukirekodiwa na mwingine, aliyeandika anapata chake. Aliyeimba tu ana fungu lingine, dogo. Kwa hiyo dada anayetunga mwenyewe akiingia kwenye tangazo, tangazo linapita, wimbo unabaki, na kila unapofufuka yeye ndiye mwenye shamba.

Mtazame Mariya Takeuchi. Wengi mnamjua kwa "Plastic Love", ule uliosambaa YouTube. Alizaliwa Taisha, mkoa wa Shimane, kwao wana nyumba ya wageni ya kizamani karibu na hekalu kubwa la Izumo. Mwaka 1980 aliimba "Fushigi na Peach Pie" kwa kampeni ya Shiseido, ukawa wimbo uliomtambulisha kwa nchi nzima. Lakini hakuuandika yeye: maneno ya Kazumi Yasui, sauti ya Kazuhiko Kato. Alikuwa anapelekwa kwenye TV kama aidoru, akachoka, 1981 akapumzika. Mwaka uliofuata akaolewa na Tatsuro Yamashita. Aliporudi 1984 na albamu ya "Variety", kila wimbo ndani yake kautunga mwenyewe. "Plastic Love" unatoka humo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaingia tena kwenye tangazo, safari hii na wimbo wake mwenyewe, "Suteki na Holiday", kwa kuku wa Kentucky. Kwa asiyejua, Wajapani Krismasi wanakula kuku wa KFC. Kampeni ilianza 1974 na ikashika kabisa. Tarehe 24 Desemba nimesimama kwenye foleni hiyo nje ya stesheni, baridi inauma vidole, mbele yangu baba ana karatasi ya oda imekunjwa mara nne, na spika ya juu ya mlango inaurudia wimbo huo tangu mwanzo kila unapokwisha. Hakuna aliyelalamika. Mtoto aliyekuwa begani kwa huyo baba alikuwa anausubiri ufike mahali fulani, ukifika anaimba neno moja, kisha ananyamaza mpaka urudi.

Na mumewe? "Christmas Eve" wa Yamashita ndio uliokuwa kwenye matangazo ya treni ya mwendokasi ya JR Tokai kuanzia 1988. Nyumba moja imeshika Krismasi ya nchi nzima, baba kwenye treni, mama kwenye kuku.

BintiMakorora

Kaka asante sana, nimehifadhi uzi. Mimi nilizijua nyimbo za Kijapani kupitia katuni tu. Nikiangalia matangazo yao YouTube naona wimbo mwingine hauhusiani kabisa na kinachouzwa. Hivi wao hawaoni hasara? Huku mteja asiposikia jina la bidhaa mara nne anakataa kulipa.

MsafiriReliYaKati

Dada yangu wa Tanga, hiyo ni desturi ya zamani kule. Redio za binafsi zilianza Japani mwaka 1951, na wimbo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa tangazo, wa mwaka huo huo, ulikuwa wa kampuni ya filamu za kamera. Unamhusu mtu anayejifunza kupiga picha, na jina la kampuni halimo ndani. Kwa hiyo mbegu ilikuwapo mapema.

Mfano wa kukushangaza ni wa Kohmi Hirose. Desemba 1993 alitoa "Romance no Kamisama", mungu wa mapenzi, kwa tangazo la Alpen, maduka ya vifaa vya kuteleza kwenye theluji. Uliuza zaidi ya nakala milioni moja na nusu. Wajapani wakisikia sekunde mbili za mwanzo wanaona theluji. Akaendelea na Alpen karibu kila mwaka, wakampa jina la malkia wa majira ya baridi. Sasa chukua maneno ya wimbo ule uyatafsiri. Hamna theluji, hamna mlima, hamna hata koti. Unahusu msichana wa ofisini anayekwenda kwenye ile mikutano ambapo wavulana kadhaa na wasichana kadhaa wanakula pamoja ili watafutane, na anamuuliza mungu wa mapenzi kama huyu ndiye. Theluji yote iliwekwa na picha za tangazo. Sauti yake ya juu, inayopanda bila kuogopa, ndiyo iliyofanana na mtu anayeshuka mlima kwa kasi.

Na ile sauti si ya kubahatisha. Hirose alisomea utunzi kwenye chuo cha muziki cha Kunitachi. Mnaona jina hilo linavyorudi? Chuo chenyewe sasa kipo Tachikawa, stesheni moja mbele.

Wa Kisauni

Mimi nasema wazi, sikubaliani. Mtunzi anaandika kitu cha moyoni, kampuni inakata kipande kitamu inakibandika kwenye biskuti. Hayo maumivu yaliyomo ndani ya wimbo yanaenda wapi? Mtu akinunua biskuti ameelewa nini? Ndugu yangu unaipamba sana biashara.

MsafiriReliYaKati

Ndugu yangu wa Kisauni, umenigusa mahali ninapojua panauma, na nitakupa mfano unaokuunga mkono kuliko wangu.

Miyuki Nakajima, mwenyeji wa Sapporo, alikuwa na kipindi cha redio cha usiku wa manane. Watu walimwandikia barua, hasa vijana. Barua moja ilitoka kwa msichana wa miaka 17 aliyeingia kazini baada ya shule ya kati tu, bila kuendelea na sekondari ya juu, na alichoambiwa kwa sababu hiyo kilimuumiza. Nakajima akaandika "Fight!", umo kwenye albamu yake ya 1983. Unaanza na ile barua, na mwandiko wa yule binti, herufi zake zenye ncha kali zinazotetemeka. Kisha yanakuja maisha mengine, kisha samaki wadogo wanaopanda mto wakipigana na maji huku magamba yakichubuka. Neno la kibwagizo, lile la kumtia mtu moyo, anampa yule anayepigana huku wasiopigana wakimcheka. Wimbo si mwepesi kuusikiliza mpaka mwisho.

Mwaka 1994 kampuni ya bima ya maisha iliutumia. Mwaka 2012 CalorieMate, ndiyo, biskuti kweli za kushibisha wanaokesha na vitabu, waliutumia tena, ukiimbwa na mwigizaji Hikari Mitsushima amesimama, bila ala, anasukuma sauti mpaka inakatika. Barua haimo. Binti wa miaka 17 hayumo. Kimebaki kibwagizo.

Nilikasirika nilipoliona mara ya kwanza. Halafu kijana wa Kivietinamu niliyekuwa naishi naye bweni moja, anajiandaa na mtihani wa lugha, aliliona tangazo lile, akautafuta wimbo mzima usiku huo huo. Akanigongea mlango saa sita za usiku anauliza maana ya neno "chusotsu". Ni neno lililo mwanzoni kabisa mwa barua: aliyeishia shule ya kati. Yeye mwenyewe ndiye huyo, alikuwa ameacha masomo kwao ili wadogo zake wasome. Tulikaa ngazini tukatafsiri mstari kwa mstari na kamusi ya simu mpaka saa nane.

Sisemi kampuni ilikuwa na huruma. Ilikata, kama unavyosema, na ilikata mahali penye damu. Nasema tu kwamba kilichokatwa bado kimeshikana na mzizi kwa wimbo ulioandikwa na mtu aliyekuwa na la kusema, na anayeuvuta anaweza kuufikia.

Wa Kisauni

Hapo nimekuelewa. Nimeutafuta, nimeusikiliza bila kuelewa neno, na bado umenikaa. Sijabadili msimamo juu ya biskuti.

BintiMakorora

Na wa miaka yetu? Au yameishia miaka ya 90?

MsafiriReliYaKati

Hayajaishia, ila mimi si mjuzi sana wa wapya, nitapita haraka. Mwaka 2006 na 2007 kampuni ya simu ya Japani iitwayo "au" ilikuwa inatangaza huduma yake ya muziki kwenye simu, LISMO. Ayaka wa Osaka akatoa "Mikazuki", mwezi mwandamo, wawili walio mbali wanaangalia mwezi mmoja. YUI wa Fukuoka akatoa "CHE.R.RY", binti anasubiri jibu la ujumbe na anahesabu kama ajibu upesi au ajizuie kidogo. Wote wawili waandishi wa nyimbo zao. Huo wa YUI ni kati ya nyimbo chache katika orodha yangu ambapo bidhaa na wimbo vinasema jambo moja, kwa sababu kweli mapenzi ya umri ule yalikuwa yanaishi ndani ya simu.

Mzee wa Santuri

Kijana, huyo wa Sanyo ulituacha njiani. Aliendelea?

MsafiriReliYaKati

Mzee, niliogopa uzi kuwa mrefu.

"Ihojin" uliuza zaidi ya nakala milioni moja. Inasimuliwa kwamba mbegu yake aliipata kwenye treni ikipita karibu na Kunitachi, alipoona kupitia dirishani watoto wakicheza uwanjani, na jina la kwanza lilikuwa "Asubuhi Nyeupe". Jangwa, ngamia, Njia ya Hariri, vyote vilikuja baadaye, kwenye jina jipya na kwenye upangaji wa vyombo wa Mitsuo Hagita. Ukiyasoma maneno peke yake unaona watoto wanaonyoosha mikono angani, na mwanamke aliyeachwa anayejiona ni mpita njia tu kwa mtu aliyempenda. Mwaka 1984 aliacha kazi ya kuimba, akiwa katikati ya miaka ya ishirini. Sanyo ilinunuliwa na Panasonic na jina likafutika kwenye TV za Japani. Kanebo nao vipodozi vyao viko chini ya Kao tangu 2006. Nyimbo zinapigwa.

Stesheni ya zamani ya Kunitachi ilikuwa na paa jekundu la pembetatu, ilijengwa 1926. Waliibomoa 2006 kupisha reli ya juu, wakazihifadhi mbao, na 2020 wakaisimamisha upya pale pale mbele ya stesheni mpya. Siku yangu ya mwisho kabla ya kuondoka Japani nilishuka hapo na begi langu. Nikaweka "Ihojin" masikioni, nikavuka kwenda upande wa barabara kubwa yenye miti ya cherry. Nilitaka kuuona ule uwanja wa watoto. Nilichokuta ni nyumba na maegesho ya baiskeli. Nikamtumia yule mama wa kiwandani picha ya lile paa. Alijibu baada ya zamu, saa kumi na mbili asubuhi, neno moja kama kawaida yake. Safari hii hakuandika Sanyo. Aliandika jina la wimbo.